Jinsi ya Kuandaa Onyesho Dogo la Mwimbaji Mtunzi na Bendi Yake Mombasa

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumkaribisha, mbele ya wasikilizaji wachache, tuseme sitini hadi mia moja, mwimbaji anayetunga nyimbo zake mwenyewe na ambaye, pamoja na bendi yake, huchanganya taarabu na chakacha, rumba na rege, benga na jazi. Onyesho la aina hii lina masharti yake. Uwanjani msikilizaji huja kucheza na kuitikia pamoja na umati. Katika chumba kidogo huja kumsikiliza mtu mmoja akieleza jambo lake kwa kuimba, na likimpita neno moja la ubeti, huenda ikampita maana ya wimbo mzima.

Sikio la Mombasa limezoea michanganyiko tangu zamani. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2014, alipendwa mno kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Taishokoto, ala ya Kijapani iliyobuniwa mwaka 1912, ilipokelewa katika vikundi vya taarabu vya mji huu na kusikika katika muziki wa Zuhura Swaleh hadi ikawa kama ala ya hapa hapa, na bendi ya Them Mushrooms ikaichanganya chakacha na rege wakati ambapo wengi hawakuwahi kuzifikiria pamoja. Kwa hiyo mwandalizi asihofu kwamba hadhira itamkataa msanii kwa sababu ya kuchanganya. La kuhofiwa ni maneno kumezwa na ala. Taarabu imewalea watu wa mji huu katika kufuatilia vina, mizani na mafumbo, na msikilizaji wa hapa humsamehe mwimbaji mengi, lakini si kumnyima maneno. Ndiyo maana kila hatua nitakayoieleza ninaipima kwa swali moja: je, aliyeketi safu ya mwisho anaisikia kila silabi bila mwimbaji kulazimika kupaza sauti?

Anza na nyimbo, kisha utafute ukumbi

Waandalizi wengi hukimbilia kukodi ukumbi kabla ya kujua watakachokiweka ndani yake. Ninashauri kinyume chake. Mwombe mwimbaji aziimbe nyimbo zote anazokusudia kuziimba akiwa na ala moja tu, udi au gitaa, nawe uandike kando ya kila wimbo mambo matatu: mahadhi yake yametoka wapi, mwendo wake wa mapigo ni upi, na ni ala zipi ambazo zikiondolewa wimbo huo hausimami. Orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha ukubwa wa bendi. Kwa hadhira ya watu themanini, wanamuziki watano au sita wanatosha: mwimbaji, mpiga udi au gitaa, mpiga besi, mpiga kinanda au akodiani, mpiga ngoma, na pengine mpiga fidla. Zumari ni suala jingine. Ni ala iliyozaliwa kupigwa nje, katikati ya ngoma na watu wengi, na ndani ya kuta nne hufunika kila kitu kilicho karibu nayo. Ikiwa wimbo mmoja unaihitaji, mpigaji wake asimame mlangoni au uani, apige kwa wimbo huo, kisha apumzike.

Jambo la kwanza litakaloisumbua bendi yenye kuchanganya ni mahadhi yenyewe. Baadhi ya maqamu za taarabu, yaani ngazi za sauti zinazojenga mahadhi, kama vile rasti na bayati, zina sauti zinazokaa kati ya vibonye viwili vya kinanda. Udi hauna vijiti vya chuma shingoni, na fidla haina, kwa hiyo vidole vya mpigaji huzifikia sauti hizo bila taabu. Gitaa la kawaida na kinanda haviwezi, na vikilazimishwa kufuata wimbo wa bayati, mwimbaji hujikuta amevutwa huku na huko hadi sauti yake isikike kama imekosea, hali yeye ndiye aliye sahihi. Kuna njia tatu za kulitatua hili. Unaweza kuutunga upya wimbo katika hijazi, nahawandi au kurdi, ambazo gitaa na kinanda huzipiga bila shida. Unaweza kutumia kinanda cha umeme chenye uwezo wa kurekebisha sauti moja moja ili zifuate maqamu za Kiarabu. Au unaweza kuziacha sauti hizo mikononi mwa udi na fidla, huku gitaa na kinanda vikinyamaza au vikishikilia tu sauti ya msingi na ya tano yake. Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu katika chumba kidogo kunyamaza kwa ala mbili huiacha sauti ya mwimbaji ikiwa wazi, na maneno husikika vizuri zaidi kuliko wakati wowote mwingine wa onyesho.

Jambo la pili ni mapigo. Chakacha huenda kwa mapigo sita, ambayo sikio linaweza kuyahesabu kama mafungu mawili ya matatu au mafungu matatu ya mawili, na mvutano huo kati ya hesabu mbili ndio unaowafanya watu watikisike hata wakiwa wameketi. Bendi inapotaka kutoka katika chakacha kuingia katika rumba au rege bila kusimama, ishikilie yale mapigo makubwa mawili bila kuyaongeza wala kuyapunguza mwendo, kisha ibadilishe kinachotendeka ndani yake: pale palipokuwa na vipande vitatu katika kila pigo kubwa, viwekwe viwili au vinne. Zoezi linaloisaidia bendi zaidi ni hili: ala zote ziwekwe chini, wanamuziki wapige makofi ya mapigo makubwa peke yake, na mwimbaji ayaseme maneno ya wimbo, si kuyaimba, huku wakivuka kutoka mwendo mmoja hadi mwingine. Wakiweza kuvuka kwa makofi na maneno, watavuka kwa ala. Wakishindwa, hakuna spika itakayowaokoa.

La tatu linahusu lugha, na sijaona likipewa uzito linaostahili. Shairi la taarabu kwa kawaida lina mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane kwa nane, na vina vyake huanguka katikati na mwishoni. Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Mtunzi anapouchukua mshororo wa namna hiyo na kuupandisha juu ya mwendo wa rege au wa jazi, mara nyingi pigo zito la muziki huangukia silabi ya mwisho, na msikilizaji hulazimika kulikusanya neno upya kichwani wakati wimbo umekwisha kusonga mbele. Katika mazoezi, mtu mmoja asiyepiga ala akae na karatasi ya mashairi na kupigia mstari kila mahali ambapo mkazo wa neno na pigo zito vimepishana. Si lazima kila mstari urekebishwe, kwa kuwa kuna kupishana kunakopendeza, lakini mwimbaji ajue vipo wapi na achague mwenyewe vya kubaki navyo.

Mpangilio wa nyimbo ufuate sikio la mgeni. Ningeanza na sauti na udi peke yake, kwa wimbo ambao mahadhi yake mzee wa Mji wa Kale angeyatambua, kisha ala ziongezwe moja moja katika nyimbo mbili au tatu zinazofuata ili kila ala ijitambulishe kabla ya kuchanganyika na nyingine. Zile nyimbo ambazo mchanganyiko wake ni wa kijasiri zaidi ziwekwe baada ya katikati, hadhira ikishamwamini mwimbaji. Kumbuka pia kwamba wimbo wa taarabu unaweza kuchukua dakika kumi na zaidi. Onyesho la dakika tisini halihitaji zaidi ya nyimbo kumi au kumi na mbili, pamoja na nafasi ya kuzungumza. Katika mazungumzo hayo mwimbaji aeleze wimbo ulizaliwaje, nani alimfundisha mahadhi yake au kwa nini ameukutanisha na benga, lakini asilifumbue fumbo lake. Watu wa hapa hufurahia kulifumbua wenyewe, na wengine watalijadili barazani wiki nzima.

Ukumbi

Mji wa Kale una nyumba zenye ua wa ndani na sebule ndefu zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na ni kawaida mwandalizi kuvutiwa na uzuri wake. Uzuri huo una gharama kwa sikio. Kuta ngumu zinazotazamana huirudisha sauti tena na tena, na maneno hugongana yenyewe kwa yenyewe. Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kubwa, na usikilize mkia wake. Ukisikia mtetemo wa haraka kama wa bati, au sauti ikichelewa kufa, chumba hicho kinahitaji kazi. Mazulia mazito sakafuni, mapazia mazito yaliyoning'inizwa mbali kidogo na ukuta, magodoro ya kukalia na mito husaidia sana. Leso zilizotundikwa ukutani zinapendeza machoni, lakini kwa wepesi wake hazinyonyi sauti ya kutosha, na mwandalizi asizitegemee. Miili ya watu nayo hunyonya sauti, kwa hiyo ukumbi utakaokusikitisha ukiwa mtupu utatulia watu wakijaa.

Kwa asiye na nyumba, kuna kumbi zilizozoea sanaa. Little Theatre Club ni jumba lililojengwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza, na jumba la namna hiyo hufaa kwa maneno. Swahilipot huwakaribisha vijana wa sanaa wa mji huu. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, ina mandhari isiyo na mfano wake, lakini ipo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kibali chake hutafutwa mapema, na ua wake ni mpana mno kwa watu themanini. Ningeiacha kwa hadhira kubwa.

Popote utakapochagua, nenda pale siku na saa ileile ambayo onyesho litafanyika, uketi kimya na usikilize. Je, honi za matatu na bodaboda zinaingia? Feni zinavuma kiasi gani? Joto la Mombasa haliruhusu kuzizima feni zote, lakini zinaweza kupunguzwa kasi na kuelekezwa mbali na maikrofoni, na kwa nyimbo mbili tatu za taratibu zinaweza kuzimwa kabisa. Ikiwa onyesho ni la juu ya paa au ufuoni, upepo wa kusi huingia moja kwa moja ndani ya maikrofoni na kutoa ngurumo. Kila maikrofoni ivishwe sponji, na jukwaa lipewe kisogo cha ukuta. Uangalie vilevile njia za kuingizia vyombo. Vichochoro vya Mji wa Kale havipitishi gari, na spika zitafika kwa mkokoteni wa hamali, jambo linalotaka muda na makubaliano ya bei kabla ya siku yenyewe.

Tarehe, saa na vibali

Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni ya joto lakini mvua zake ni chache. Masika, kuanzia Aprili, hulifanya onyesho la uani kuwa jambo la kubahatisha. Ramadhani iachwe, na katika Mfungo Sita uulize kwanza usiku wa maulidi ya mtaa huo ni upi.

Kuhusu saa, nina ushauri ambao waandalizi wengi hawautarajii: fanya onyesho lako alasiri. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele nchini Kenya huanza kuhesabu usiku kuanzia saa mbili, na kuanzia hapo kiwango kinachoruhusiwa katika eneo la makazi hushuka kutoka desibeli 50 hadi 35, ilhali mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio karibu hufika takriban desibeli 60. Maana yake ni kwamba onyesho la kawaida linaloanza baada ya sala ya isha huanza wakati uleule sheria inapokuwa kali zaidi. Ukianza saa kumi na nusu, sala ya alasiri imekwisha kusaliwa, na ukimaliza saa kumi na mbili jioni, watu wana nafasi ya kuondoka au kutawadha kabla ya adhana ya magharibi, kwa kuwa katika latitudo ya Mombasa jua halibadilishi sana saa yake ya kutua mwaka mzima. Wakaao Likoni watavuka kwa feri kungali na mwanga, na wa Nyali na Bamburi hawatahangaikia tuktuk usiku. Jumamosi au Jumapili ndizo zinazofaa, kwa sababu siku za kazi watu wako ofisini na bandarini. Anayetaka usiku kwa vyovyote vile aende katika ukumbi uliofungwa vizuri, mbali na makazi, na atafute kibali cha kelele kutoka ofisi ya mazingira mapema.

Vibali vingine ni vya kufuatilia tu kwa utulivu. Peleka barua kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo na kwa ofisi za kaunti zinazohusika. Ikiwa bendi itaimba nyimbo za watunzi wengine, lipia leseni ya kupiga muziki hadharani inayotakiwa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mwimbaji anayetunga mwenyewe ndiye wa kwanza anayepaswa kuliheshimu hili, kwa maana naye anaishi kwa haki hiyohiyo. Kisha, kabla ya kubandika tangazo lolote, nenda kwa mzee wa mtaa, kwa imamu wa msikiti ulio jirani, na kwa majirani wa kuta za pande zote. Piga hodi, toa salamu, keti ukikaribishwa, eleza ni nani ataimba, nini kitaimbwa na saa ngapi kitakwisha, na uwakaribishe bila kiingilio. Jirani aliyeketi ndani hana haja ya kulalamika akiwa nje.

Mitambo

Kosa kubwa la onyesho dogo ni kulipigia muziki wa ukumbi mkubwa. Katika chumba cha watu themanini, ngoma za kisasa za vijiti ndizo zinazoamua kiwango cha kila kitu: zikipigwa kwa nguvu, besi hupandishwa ili izifikie, gitaa hufuata, na mwishowe mwimbaji hulazimika kupiga kelele katika onyesho lake mwenyewe. Mpiga ngoma atumie vijifagio vya waya au vijiti vyembamba, au aache kabisa ngoma za kisasa na kutumia dumbaki, msondo na kayamba, ambazo mikono huzidhibiti vizuri zaidi. Amplifaya ya besi iinuliwe kutoka sakafuni ili ngurumo yake isisambae chini ya viti.

Spika mbili zinatosha. Ziwekwe mbele ya mstari wa maikrofoni, juu ya stendi, zikipita vichwa vya walioketi na kuelekezwa safu za nyuma, si ukutani. Monita ya mwimbaji, yaani spika inayomrudishia sauti yake ajisikie, iwe moja, ikae mbele yake na kuelekea kisogo cha maikrofoni, upande ambao maikrofoni ya kawaida ya kuimbia haisikii sana. Hivyo ndivyo unavyoepuka ule mluzi unaochoma masikio. Fundi wa mitambo aondoe katika sauti ya mwimbaji yale mavumo mazito yaliyo chini ya hezi 100 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde), ambayo hayabebi neno lolote. Ujuzi zaidi unahitajika kwenye konsonanti. Uwazi wa maneno hukaa zaidi kati ya hezi 2,000 na 4,000, na hapohapo ndipo matoazi, akodiani na gitaa lenye sauti kali hupenda kukaa. Badala ya kuipandisha sauti ya mwimbaji ishindane nazo, punguza ala hizo katika eneo hilo, nawe utasikia maneno yakijitokeza yenyewe bila chumba kuongezewa kelele hata kidogo.

Umeme wa Kenya ni volti 240, lakini hupanda na kushuka, kwa hiyo kinanda na mikisa, chombo cha kuchanganyia sauti, vipitie kwenye stabilaiza, kifaa kinachotuliza volti. Jenereta, ikihitajika, ikae mbali, ng'ambo ya ukuta. Mavumo yanayosikika kwenye spika hata kabla ya mtu kupiga chochote mara nyingi hutokana na vyombo kuchomekwa katika soketi zenye waya za ardhini tofauti. Viunganishwe katika soketi moja kila inapowezekana, na waya wa ardhini usikatwe kamwe kwa ajili ya kunyamazisha mavumo, maana umeme huua.

Unyevu wa pwani nao una haki yake. Udi uliotoka ndani ya gari lenye kiyoyozi ukaingia katika sebule ya Mji wa Kale utabadilika sauti ndani ya dakika chache. Ala zote zifunguliwe ukumbini angalau saa moja kabla, ziachwe zizoee hewa ya pale, kisha zitiwe sauti, na udi utiwe tena baada ya nyimbo mbili au tatu. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu baada ya onyesho, kwa kuwa chumvi ya hewani na jasho huzila upesi.

Bendi ikishajaribu mitambo, fanya jaribio ambalo kwangu ndilo lenye uamuzi wa mwisho. Mtafute mtu asiyezijua nyimbo hizo, umkalishe safu ya mwisho, umpe kalamu na karatasi, na bendi nzima ipige ubeti mmoja wa wimbo wenye ala nyingi kuliko zote. Aandike alichokisikia. Linganisheni na shairi. Akikosa maneno mawili matatu, rekebisheni ala. Akikosa nusu ya mshororo, mpangilio mzima wa wimbo huo unahitaji kupunguzwa. Msiongeze sauti ya maikrofoni hadi mtakapokuwa mmekwisha kupunguza kila kingine.

Hadhira

Viti vipangwe kwa nusu duara, na asiwepo mtu aliye mbali na mwimbaji zaidi ya mita kumi. Mbele pawe na mikeka na mito kwa vijana wanaopenda kukaa chini, kisha viti, na viti vizuri zaidi vyenye njia rahisi ya kutokea viwekewe wazee. Ukiweza, uwepo pia upande ambao akina mama wanaopendelea kukaa pamoja wanaweza kuuchukua bila kuulizwa. Jukwaa la juu halina haja. Zulia moja linalotenganisha bendi na watu linatosha, na hilo peke yake humfanya mwimbaji aongee na watu badala ya kuwahutubia.

Acha njia pana kutoka kwenye viti hadi kwa mwimbaji. Mombasa mtu akiguswa na ubeti huinuka kwenda kutuza, na njia ikiwa imezibwa, huwapita watu magotini na kuwaharibia usikivu. Bendi iwe imefanya mazoezi ya kukirudia kibwagizo kwa sauti ya chini wakati wa kutuzwa, ili ubeti unaofuata usianze hadi mtuzaji awe amerudi mahali pake. Na kabla ya siku ya onyesho, mwimbaji na bendi wakubaliane waziwazi fedha za tuzo ni za nani: za mwimbaji peke yake, au za kugawanywa. Nimeona urafiki wa miaka ukiingia doa kwa sababu jambo hili halikusemwa.

Kahawa chungu kutoka kwenye dele, tende, halwa na kaimati ziandaliwe kabla ya kuanza na wakati wa mapumziko. Wakati wa nyimbo pasitembezwe kitu, kwa sababu mlio wa vikombe hukata konsonanti kama ala isiyoalikwa. Kuhusu simu, utaratibu unaofaa ni mwimbaji mwenyewe kuwaomba watu wapige picha katika wimbo wa kwanza wote wanaotaka, kisha waziweke simu kando. Watu wakiombwa kwa heshima na mwenye onyesho, huitikia.

Fedha na rekodi

Kiingilio kilipwe mapema kwa M-Pesa, kwa namba ya biashara badala ya simu ya mtu binafsi, na majina yaandikwe katika orodha itakayokaa mlangoni. Usiuze nafasi zaidi ya viti kwa matumaini kwamba wengine hawatafika. Makubaliano na mwimbaji na kila mwanamuziki yawe kwa maandishi, hata yakiwa ya ukurasa mmoja: kiasi, malipo ya awali, nauli, chakula, saa ya kufika na nini kitatokea mvua ikinyesha. Salio lilipwe jioni hiyohiyo, kabla vyombo havijapakiwa, na hamali na fundi wa mitambo walipwe kwanza.

Ikiwa onyesho litarekodiwa, usitegemee mikisa peke yake. Katika chumba kidogo fundi huwa hapitishi ngoma wala amplifaya ya gitaa kwenye spika, kwa hiyo rekodi ya mikisa hutoka ikiwa na sauti ya mwimbaji inayoelea bila bendi. Weka maikrofoni mbili za ziada karibu na safu ya tatu, zirekodi chumba chote, kisha pande hizo mbili zichanganywe baadaye. Ruhusa ya kuisambaza rekodi hiyo, kwa sehemu au yote, ni ya mwimbaji aliyetunga na wanamuziki waliopiga, na iandikwe katika ukurasa uleule wa makubaliano, ikieleza itawekwa wapi, kwa muda gani, na ikileta mapato yatagawanywaje.